Nguzo ya Kumi na Saba

Jumatano, 4 Juni 1958

Baridi. Ukungu umeufunika mlima Menengai hadi shingoni, mvua hakuna. Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Nusu maili mara mbili kando ya reli, kuanzia nguzo ya simu iliyo mkabala na tangi la maji, hadi nguzo ya kumi na sita. Dakika 2.36, kisha 2.41. Mbaya.

Askari wa reli alinisimamisha tena.

"Unamkimbia nani, dada?"

Nikamwambia simkimbii mtu.

"Basi tembea."

Sikutembea.

Daftari la kaka yangu Eliya liko chini ya mto wangu. Mstari wa mwisho aliandika Februari, kabla ya homa ya mapafu: "Rebeka. Nusu maili. 2.30. Agosti." Eliya hakuandika mambo ya kubahatisha. Mashindano ya wilaya ni tarehe 2 Agosti na mwaka huu wanawake wana mbio zao. Nitafika 2.30. Sitaki kitu kingine mwaka huu.

Jumamosi, 7 Juni

Jua mapema. Kemoi amekuja kwa baiskeli kutoka Rongai kunishikia saa ya mfukoni ya Baba. Ndiye aliyekuwa wa pili kila mara Eliya alipokuwa wa kwanza. Wakati wa matanga ya Eliya, Machi, alikaa nyuma ya nyumba yetu akapasua kuni zote, hata zile za jirani. Sasa huja Jumamosi. Anafanya kazi na wapima mashamba, kukokota mnyororo wa kupimia. Ananiita Mwalimu kwa kuwa nafundisha darasa la pili.

2.33.

"Mwalimu, hiyo mikono inafuta ubao ama inakimbia?"

Nilicheka kwa sauti. Mara ya kwanza tangu Machi. Kisha nikaona vibaya kucheka huku Eliya yuko kaburini.

Jumatatu, 16 Juni

Upepo kutoka ziwani, vumbi la magadi machoni. 2.32. Mama bado hajalikunja blanketi la Eliya. Darasani nimewachapa watoto wawili bila sababu. Nimewaomba radhi. Wakashangaa.

Jumamosi, 21 Juni

Mawingu, hakuna upepo. 2.29!

Nimeiangalia saa mwenyewe. Mama Trufena wa nyumba ya pili alikuwa anaanika nguo, akapiga kelele: "Rebeka! Miaka kumi na tisa, mbio za nini? Ng'ombe wa mahari wamepotea?" Nikamwambia nimewapata. Nilikuwa kama mlevi.

Kemoi hakufurahi. Aliziangalia nguzo, akazihesabu kwa kidole, akasema lazima arudi Rongai. Nilitaka anishike mkono. Nimeandika. Ni kweli.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua. Kemoi hakuja.

Jumamosi, 5 Julai

Baridi kali. Amekuja na mnyororo ndani ya gunia, nyuma ya baiskeli. Kwanza hakunitazama. Kisha akasema.

Kati ya nguzo na nguzo ni yadi 55. Eliya alizidisha 55 kwa kumi na sita, akapata 880, nusu maili kamili. Lakini kwenye nguzo ya kwanza tunasimama tu, hatujakimbia kitu. Nguzo kumi na sita zina nafasi kumi na tano. Tumekuwa tukikimbia yadi 825.

Nikasema tupime. Tulipima, yeye mbele, mimi nyuma. Mnyororo mmoja ni yadi 22, kwa hiyo nusu maili ni minyororo arobaini. Tulipata thelathini na saba na nusu.

Alijua hilo kwa wiki mbili. Nilimuuliza kama alitaka niaibike mbele ya wilaya nzima. Alisema neno moja, "Eliya," akaishia hapo. Nikamwambia aende. Akaenda.

Jumapili, 6 Julai

Sikuona hali ya hewa. Sikusikia mahubiri.

Maili ya Eliya ni nguzo zilezile, kwenda na kurudi. 4.25. Baba huwaambia wageni wote: mwanangu alikimbia maili kwa dakika nne na sekunde ishirini na tano. Haikuwa maili. Ilipungua yadi 110.

Nimemkasirikia marehemu. Siwezi hata kumwambia. Mtu aliyenifundisha kuhesabu.

Jumatatu, 7 Julai

Ukungu. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya kumi na saba. 2.40. Nilitapika.

Nimempelekea Kemoi barua kwa dereva wa lori la mahindi. "Nguzo ni kumi na saba. Njoo Jumamosi." Sikuomba msamaha. Ningeanza, ningeandika mengi.

Jumamosi, 12 Julai

Jua dogo. Amekuja kabla sijafunga viatu. 2.37.

Baadaye, tukiwa tumekaa juu ya mataruma ya zamani ya reli, alisema kwa nini alinyamaza. "Nilitaka Eliya abaki na muda wake." Kisha: "Lakini mimi alinishinda uwanjani, Mwalimu. Si kwenye nguzo."

Nililia. Alinishika mkono, mkono mgumu wa mnyororo. Sikuutoa.

Jumamosi, 26 Julai

Baridi, anga safi. 2.33 kwenye nguzo ya kumi na saba. Baba alitoka zamu ya garimoshi akasimama na masizi yake usoni, akatazama, akaingia ndani. Kesho kupumzika. Nampenda Kemoi, na siku nzima sikuhisi kwamba ninamwibia Eliya kitu.

Jumamosi, 2 Agosti

Mvua ya jana imeuacha uwanja mzito. Wanane tulianza. Msichana mrefu kutoka Gilgil alinipita mwanzoni na sikumwona tena ila mgongo. Nimekuwa wa pili. Msimamizi wa saa alisema 2.31.

Sekunde moja. Mama Trufena alipiga vigelegele kana kwamba nimeolewa. Agosti bado ina siku ishirini na tisa.

Jumapili, 3 Agosti

Asubuhi tulivu, moshi wa majiko umesimama wima. Sikukimbia.

Kemoi alikula nasi mchana. Baba akaanza kumsimulia ile 4.25. Nikaweka kijiko chini, nikamweleza habari ya nguzo, nafasi na yadi, yote. Mama aliacha kula.

Baba akamnyooshea Kemoi kidole. "Huyu, Eliya alimshinda?"

"Kila mara, mzee," Kemoi akasema.

"Basi." Akamsogezea nyama.

Jioni Mama alilikunja blanketi. Akampa Kemoi, kwa sababu ya baridi ya njiani.

Katika daftari la Eliya, kando ya 4.25, nimeandika kwa penseli: yadi 1650. Muda wake sikuugusa. Chini ya mstari wangu: 2.31, uwanjani, sawa na nguzo kumi na saba. Kesho saa kumi na moja na nusu.

Nalala, saa tatu na dakika kumi.