Matundu Mawili kwenye Tangi la Samaki

Jumatatu, 7 Juni 1993

Vioo vya luva tangu asubuhi. Ishirini na vinne, vya nyumba moja ya Sokon One. Mikono inanuka mafuta ya taa. Mchana nimepima tena kioo cha nyuma cha tangi la samaki la hoteli. Milimita kumi. Kimekuja peke yake kutoka Nairobi, kikipasuka hakuna kingine. Kinataka matundu mawili ya inchi moja na nusu, maji yaingie na yatoke.

Mdogo wangu Elisante amekwenda Namanga kununua kikombe cha kutobolea, kile kinachofungwa kwenye drili. Nilimchorea kwenye karatasi: mdomo laini, umepakwa unga wa almasi. Nikaandika kwa herufi kubwa HAKUNA MENO. Huyu mtu karatasi huwa anafungia karanga.

Jumatano, 9 Juni

Ameleta vyenye meno! Boksi zima. Vikombe vitano vinavyong'aa, vya kutobolea mbao.

"Dada, hivi ndivyo vipya. Siku hizi kila kitu kinaingia, wewe bado uko enzi za foleni."

Masikio yalipata moto kwa hasira. Nikachukua kipande kibovu, nikajaribu mbele yake. Kikombe kilipiga kelele, kikarukaruka, kioo kikatoka vipande vitatu. Eti nimekandamiza. Miaka kumi na mitano nakata vioo! Yeye ana miezi minne karakana, mitatu kati ya hiyo yuko barabarani.

Baba ametuma salamu kutoka Nkoaranga. Jumamosi kikao. Miguu yake haiwezi tena kuteremka mlima, atasema karakana inabaki na nani. Kwetu mali ya baba inakwenda kwa mtoto wa kiume, najua. Lakini karakana si shamba la migomba. Tuliijenga yeye na mimi, Elisante akiwa bado anachunga mbuzi. Na mwenye hoteli ameahidi: tangi likitoka salama, vioo vyote vya hoteli ni vyetu. Kioo kile nitakitoboa mwenyewe. Waone.

Alhamisi, 10 Juni

Maduka saba. Zamani rafu zilikuwa tupu, hata misumari tuliuziwa kwa kubembeleza. Leo zimejaa hadi darini. Redio, thamosi, sandali, vikombe vya meno vya kila saizi. Cha almasi hakuna. Muuzaji mmoja akaniambia, "Mama, mlete fundi mwenyewe aje aeleze." Nikamwambia fundi ndiye huyu uliyemkodolea macho. Akacheka. Nilitoka kabla sijamtukana.

Halafu nikakumbuka wachonga mawe. Mzee Lema anakata tanzanaiti kwenye baraza ya nyumba yake. Shikamoo, marahaba, akanimwagia mezani vikombe vitatu kutoka kopo la maziwa. Kimoja unga umekwisha. Cha pili chembe zake nene: kinakula haraka, lakini kinang'oa kingo upande wa kutokea. Cha tatu laini, cha polepole. Nimepitisha ukucha kwenye midomo yote, mara mbili. Nimeazima cha tatu.

"Usiwe na haraka, mwanangu. Na kisikauke maji."

Mtu wa kwanza wiki hii kusema nami kama fundi.

Ijumaa, 11 Juni

Kioo juu ya ubao. Nikazungusha ukuta wa puti, ule udongo wa kushikizia vioo, nikamwaga maji ndani. Drili taratibu, kikombe kimeinama kidogo mpaka kishike, kisha wima. Uji mweupe. Dakika arobaini, tundu la kwanza.

Katikati ya la pili umeme ukakatika. Nilikaa saa mbili nalitazama, nikisali na kulaani kwa pamoja. Saa kumi jioni limetoka. Kingo safi pande zote.

Elisante alikuja kuchungulia. "Si unaona," akasema. Naona nini? Mpumbavu.

Jumamosi, 12 Juni

Niandike haraka.

Elisante alitangulia kufika. Baba zangu wadogo wote walikuwepo. Chai ikapita, maombi yakapita. Kisha Baba akawasimulia jinsi tangi lilivyotobolewa kwa vikombe vya kisasa alivyoleta kijana wake. Elisante akatazama chai yake.

Nikasimama. Nikasema vikombe vya Elisante viko kwenye boksi, havijagusa tangi lile. Nimetoboa mimi, kwa kikombe cha kuazima. Muulizeni.

Wakamuuliza. Akasema, "Ni kweli."

Nilidhani nimeshinda.

Baba akasema, "Najua. Tangu mwanzo najua ni nani anayetoboa. Karakana ni ya Elisante."

Najua! Bora angekuwa hajui. Leo namchukia baba yangu. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 14 Juni

Nimempa Elisante funguo. Nimechukua kisu changu cha kioo na aproni. Mzee Lema amenipa nusu ya baraza. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 17 Juni

Baba ameniita Nkoaranga. Kioo cha dirisha la chumbani kwake kimepasuka, baridi inamwingia. Amemkataza Elisante asikiguse.

Nimekwenda. Nimepima, nimekata, nimeweka. Yeye kitandani ananiangalia. Mwishowe akauliza tangi la pili, ambalo hoteli imeagiza sasa, litatobolewa na nani.

Nikamwambia, "Baba, muulize mwenye karakana."

Nilimalizia puti, nikamfunika miguu blanketi, nikateremka kabla njia haijalowa.