Kapiteni akisikia "njo"

Elsa na Pascaline,

Mukitoka kwenye mazoezi ya kwaya, sombe iko kwenye sufuria ndogo. Ndagala muzikaange leo leo, zisioze. Mimi naenda mulimani kwa mujomba wenu Rubens, nipumzike, narudi kesho jioni. Kapiteni niko naye.

Jana sikuwaambia yote. Juzi huyu mbwa amekula bata wa tatu wa Mama Mélanie, na mimi nimechoka kuomba musamaha kwa jirani. Mujomba amekubali kubakia naye kule. ~~Musilie.~~ Lieni kama munataka.

Asubuhi hii mbwa alijua. Alilala mbele ya mulango, nikamuvuta na kamba, nikamuonyesha nyama, akakataa kabisa kupanda gari. Nikaketi chini karibu yake, nikasema peke yangu, kwa kuchoka tu: "Njo vile, basi."

Munajua marehemu Papa yenu alimutoa Kigoma. Kule wanaita mbwa "njoo!" Sisi huku, pahali pa "ndiyo" tunasema njo, iko mudomoni siku nzima, na yeye kila mara anakuja mbio, anafikiri tumemuita. Akasimama, akapanda gari mwenyewe, mukia unacheza.

Sasa kesho nitamuaga namna gani? "Njo hapa utabakia"? "Njo mwisho, Kapiteni"? Kila neno ninalotafuta, njo iko ndani, na yeye atanifuata.

Shofere anapiga honi. Sahani ya Kapiteni ~~mupatie Mama Mélanie~~ muiache pale pale.

Mama