Bangili ya Mama

Kaka yangu,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Na ule mgongo wako, bado unakulaza sakafuni? Mimi mzima, ila miguu imechoka kusimama. Mama karudishwa hapa kwetu, mguu wake uliovunjika unaunga vizuri, na tayari anawapangia manesi zamu.

Kazi yangu kwenye hospitali hii ya mahema unaijua. Kila anayeokolewa kwenye mafuriko namvisha bangili ya plastiki yenye namba, naipiga skana, na kompyuta inaonyesha kalazwa hema gani, kapanda gari gani, kapelekwa hospitali gani. Wamepita mia sita na ushee. Aliyepotea ni mmoja tu, mama yetu.

Mkuu wa kambi amenisomea malalamiko yako. Hasira ni haki yako. Siku mbili umekaa kwenye benchi la hospitali, kompyuta inasema mama kafika, kumbe kilichofika ni mkoba wake. Umesema ulishaanza kumlilia. Umesema pia fundi wa mitambo ni mzembe, afukuzwe. Maskini, ameikagua mashine mara kumi, haoni kosa, na Jumatatu alikuwa afungashe virago.

Haoni kosa kwa sababu halipo. Kaka, ni mimi.

Mama alipoletwa, mkono ulikuwa umevimba, bangili inambana, naye ananiita mwanangu mbele ya foleni nzima. Roho iliniuma. Nikaikata, nikaifunga kwenye mkoba wake, maana mkoba ule haachani nao hata akienda kuoga. Dawa ya maumivu ikamlaza. Mkoba ukarushwa gari la kwanza, mama akapakiwa la pili, lililokwenda hospitali nyingine. Skana ikafuata bangili. Ulipopiga simu nikaelewa papo hapo. Nilizitafuta hospitali moja moja hadi nikampata, lakini sababu ya kupotea kwake nikaimeza. Niliiogopea kazi yangu, na nilikuogopa wewe.

Asubuhi hii nimemweleza mkuu kila kitu. Fundi anabaki. Mimi nimenyang'anywa skana, nasubiri uamuzi.

Kesho mama analetwa huko kwako. Bangili mpya amevishwa na fundi, aliyeacha nafasi ya kidole, na mama akaniamuru nisimame mbali hadi gari liondoke. Akifika, tazama mkono wake kwanza, mkoba baadaye.

Wabusu watoto. Ukiweza, nisamehe.

Mdogo wako mliyemwita Chiriku,
niliyenyamaza siku nisiyopaswa kunyamaza.