Fundi Mmoja wa Ilomba

Baba yangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo naandika kwa sababu hapa Iringa sina wa kumwambia hili.

Unakumbuka nilipokuja Ubaruku na daftari la utafiti wa chuo? Ulicheka. "Yaani nimekusomesha uje kuniuliza habari za pumba?" Lakini ulikaa juu ya magunia ukanijibu yote. Nilitaka kujua wakoboaji wa mpunga wanavyojigawa makundi: ninyi wa mashine ndogo huku, wenye viwanda vya kupanga mchele gredi kule nyuma ya ukuta mrefu, na kwa nini hakuna anayevuka. Ukanieleza kwamba mashine ya jirani ikifa, mnamkobolea wateja wake, kisha mnamrudishia. "Huyu ni mwenzangu," ulisema. "Washindani ni wale wa ukuta mrefu."

Nikauliza nani anawatengenezea mashine. Ukasema zote anazitengeneza fundi Ambakisye wa Ilomba, kule Mbeya mjini, maana vipuri vya mashine zile za zamani anavichonga mwenyewe. "Hilo usiliandike, mwanangu."

Jina sikuandika. Niliandika tu kwamba kundi zima la mashine ndogo linamtegemea fundi mmoja kutoka Mbeya. Mwalimu wangu aliisifu sentensi hiyo, nami nikavimba kichwa.

Mwaka huu kiwanda kipya cha ukuta mrefu kiliniita kwenye usaili. Bwana mmoja alikuwa na utafiti wangu mezani, kaukunja ukurasa wenye sentensi ile. Aliniuliza swali moja la maana: huyo fundi bado yupo? Nikajibu yupo. Kazi sikupata.

Sasa mavuno yameanza. Jana Tumaini, mdogo wangu uliyemwachia mashine, alinipigia simu.

"Dada, mashine imegoma. Ya jirani nayo imekufa tangu Jumatatu. Ambakisye kaajiriwa kiwandani, kakatazwa kututengenezea. Hivi nani kawaambia hawa watu kwamba tunamtegemea yeye tu?"

Kikulacho ki nguoni mwako, baba. Nilimjibu sijui. Nikaogopa atausikia uongo katika sauti yangu.

Hakusikia. Alisema Jumapili wenye mashine wote watakutana nyumbani, kumtafuta aliyewauza. "Uje, dada, wewe ndiye msomi wetu. Utakaa kwenye kiti cha baba."

Nitakwenda. Kiti chako nakiogopa.

Lala salama, baba.

Ni mimi binti yako, uliyemwambia asiandike.