Banjo ya Kopo

Likasi, Ijumaa usiku, Septemba 1994

Na bado anasema kosa ni ya mutoto wangu.

Mama mukwe alikata nyuzi za banjo ya Kabibi, ile baba yangu alimutengenezea na kopo ya mafuta, akaenda nayo sokoni kupimia unga. Hakuniuliza. Kabibi alitafuta banjo chini ya kitanda, akiimba wimbo yake ya bata peke yake. Iko na miaka ine tu, lakini sauti yake haipotei njia.

Leo wateja wamemugombeza mama mukwe, maana unga ulimwangika kupitia matundu ya nyuzi. Akaniingilia na hasira.

"Mutoto wako ametoboa meka yangu ya kupimia unga."

"Mama, ile si meka. Ni banjo."

"Basi kesho mutakula banjo."

Ya kula kesho, kweli sijui. Lakini nimemunyanganya kopo, nikafunga nyuzi za waya ya freni ya baisikeli.

Sasa Kabibi anapiga, unga unamwangukia magoti. Mama mukwe anagonga ukuta ya chumba chake.

Nikamwambia Kabibi, "Sogea kwa ukuta, mama. Nyanya yako hasikii muzuri."