Kichaka cha Mama Tony

Jumamosi

Bado nacheka peke yangu, na mbavu zinauma kuliko miguu.

Leo ilikuwa zamu yangu kuwaongoza akina mama wa kanisa mlimani. Tangu jana nilikuwa na wasiwasi, maana mimi hupotea hata hapa mtaani kwetu Jericho. Tegemeo langu lilikuwa ramani ya simu. Jirani yangu Mama Tony ndiye aliyeichora mwaka jana: alitembea huku simu ikirekodi kila anapopita, kisha akaiweka mtandaoni kila mtu aitumie na kuirekebisha.

Tulipotoka msituni, ramani ikasema tukate kushoto. Tukakata. Njia imekanyagwa vizuri kabisa, na mwisho wake ni kichaka. Basi! Tukakuta wageni watatu wamekaa hapo wanakula ndizi. Mmoja akatuuliza kwa upole, "Sasa hapa huwa mnaangalia nini?"

Nikamgeukia Mama Tony, aliyekuwa ndio kwanza anatufikia kutoka nyuma. Amejifunika uso kwa leso.

"Mama Shiro, usiniulize," akaninong'oneza. "Hapa nilikuja kujisaidia. Nilisahau kuzima simu."

Woi! Mwaka mzima watu wanamfuata msalani!

Amenisihi niifute hiyo njia kabla hatujakutana na wenzetu kanisani kesho. Nimeifungua ramani sasa hivi, kidole tayari. Halafu nikafikiria. Ukishatoka msituni, hadi kileleni hakuna pa kujisitiri, na akina mama huhangaika sana. Kichaka kile ni kinene, tena kimejitenga vizuri.

Sikuifuta. Pale inapoishia nimeandika neno moja tu: Choo.