Mtani Aliyerithi Darasa Lako la Kireno

Mwalimu Longino, Mngoni wangu,

Shikamoo sikupi. Ulinizidi miaka miwili tu, na ulivyolala hivyo, nani ataniitikia marahaba?

Hapa Chiwata hatujambo. Mikorosho imechanua, mkeo Mama Getruda anakula vizuri na siku hizi anacheka. Lakini nakuandikia kukushitaki. Umeniachia balaa.

Unakumbuka nilivyokucheka ulipoanza kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza na la pili Kireno kila Jumamosi, kile ulichokiokota kwa watu wa ng'ambo ya Ruvuma ulipokuwa mwalimu kule Newala? Nilichungulia dirishani nikakuambia, "Mngoni, hawa hata Kiswahili wanakichanganya na Kimakua, unawabebesha mzigo mwingine wa nini?" Ukajibu bila kugeuka, "Mmakua, masikio ya mtoto yana nafasi. Yako yamejaa nta." Darasa zima likaangua kicheko. Nilinuna mpaka jioni.

Siku ya mazishi yako nikafanya kazi ya mtani, kama ambavyo ungenifanyia mimi. Nilivaa koti lako la kahawia na miwani yako, nikashika chaki, nikakohoa kile kikohozi chako cha kujidai, nikasimama mbele ya waombolezaji: "Bom dia, watoto!" Nilitaka kumchekesha Mama Getruda, basi. Wale watoto wako, waliokaa chini na macho mekundu, wakasimama wote kwa pamoja. "Bom dia, mwalimu!"

Longino. Utani uliniishia pale pale. Nililia ndani ya miwani yako, na nilikuwa sioni mbele tangu mwanzo, maana vioo vyake ni vinene kama kitako cha chupa.

Jumamosi iliyofuata nikawakuta uani kwangu, wameoga, wamekuja na madaftari. Watoto wa umri ule utani wa msibani hawaujui. Wameniona na koti la mwalimu, wakajua nimerithi. Mimi, niliyeishia darasa la nne, na hilo la nne nilitoroka! Nikawafundisha kusalimia na kushukuru, nikawa nimemaliza Kireno chote. Wakabaki wananitazama. Mjukuu wangu Saida akasema, "Babu, mwalimu alikuwa hamalizi haraka hivi."

Mwalimu mkuu naye akasema wazi: asipopatikana wa kufundisha, Jumamosi watoto watapalilia shamba la shule. Hapo nikashikwa na aibu. Darasa lako life mikononi mwangu, halafu Wangoni wote wapate la kunisema? Nikapanda gari hadi mjini, pale Mkomaindo, kwa Mama Zainabu, yule muuza vitumbua aliyezaliwa Msumbiji. Nilimbembeleza siku mbili.

"Mzee, mimi sina cheti," akasema.

"Hata mimi sina, na nimeshaitwa mwalimu."

Alicheka mpaka kitumbua kikaungua. Sasa anakuja. Siku ya kwanza aliwapikia matapa, chakula cha kwao. Watoto wakaonja, wakapiga kelele, "Mama, hiki si ni kisamvu cha karanga!" Akawaambia ndicho, na watoto wa kule nao wanadhani ni chao peke yao. Ungeona walivyoshangaa! Tangu hapo maswali hayaishi: kule wanacheza nini, wanamsalimuje bibi, nao wanachapwa?

Mimi nakaa dawati la nyuma, magoti yanagonga mbao. Kumbe ulisema kweli: masikio ya mtoto yana nafasi, na yangu nta ninayo. Nikikosea, Saida hanisemi, ananitupia jicho tu. Jicho lenyewe kama lako.

Basi pumzika, Mngoni mkorofi. Nakuahidi dawati langu halitakaa tupu Jumamosi hata moja, mvua inyeshe, miguu iume. Na kama huko uliko kuna Wareno, usijifanye mkalimani wangu. Nikija nitawasalimia mwenyewe.

Mtani wako,
Athumani